Jini Lililomwogopa Mama: Kumuaga Bi Zakiya Muhdhar

Miaka thelathini na mmoja Bi Zakiya Muhdhar ameitumikia ofisi ya watoto hapa Lamu, na tarehe thelathini Juni mwaka huu atakabidhi funguo na kwenda zake nyumbani Langoni. Mimi Shuaib, tabibu katika timu yetu ya kuwalinda watoto, nimeombwa niandike wasifu wake kwa kijarida cha sherehe hii, na niusome hapa mbele yenu. Nimeagizwa niandike kwa furaha. Furaha itakuwemo, inshallah, lakini wanaomjua wanajua kazi yake haikuwa ya vigelegele, kwa hivyo msinilaumu mkihisi baridi mgongoni hapo mlipokaa.

Alianza kazi wakati ofisi ina meza moja na baiskeli moja, na baiskeli yenyewe katika vichochoro vya mji wetu huu wa Amu ilikuwa pambo tu. Matondoni alikwenda kwa punda. Kizingitini alikwenda kwa boti, na hapa nitatoboa siri ambayo jamaa zake wameificha siku nyingi. Bi Zakiya, Mwamu wa kuzaliwa, babu kwa babu, bahari humlevya. Kila safari alikaa na ndimu puani na macho ameyafumba, anamtaja Mola wake. Manahodha walimjua, wakimwekea ndoo kabla hajakanyaga boti. Pamoja na hayo yote, hakuna safari aliyoikosa, na wala hakuna mtoto aliyeambiwa angoje bahari itulie.

Vijana waliokuja juzi hawajui tulivyokuwa kabla hajatukusanya. Mtoto aliyeumizwa alizungushwa kama kapu la mchango. Alimweleza mama, akamweleza mwalimu wa shule, akaenda polisi akaeleza, akaletwa kwangu hospitalini akaeleza, kisha mshauri, kisha kiongozi wa mashtaka. Akifika kortini ama amechoka ama maneno yamemchakaa mdomoni. Bi Zakiya alikasirika. Wengi wenu hamjamwona amekasirika, maana yeye hapandishi sauti, huikunja miwani tu akaiweka mezani. Basi aliikunja miwani mbele ya wakubwa wa idara zote, akawaambia mtoto atasema mara moja, kwa mtu mmoja, na mwenye swali aje asikilize.

Ndivyo tulivyopata nyumba yetu ya Mkomani, ile nyumba ya mawe ambayo hakuna mpangaji aliyedumu. Majirani walisema ina wenyewe, yaani majini. Mtoto huketi chumba cha ndani na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Sisi wengine hukaa ukumbini, upande wa pili wa ukuta, tumevaa spika za masikioni, na mwenye swali huliandika akalipitisha chini ya mlango. Kuna siku chumba kiko kitupu, mlango umefungwa, na spika zinaleta sauti ya mtu anayevuta pumzi. Bi Zakiya alisema ni panya. Katika mji wenye paka kama Amu, panya gani hao? Lakini yeye akisema ni panya, basi ni panya, na kikao kinaendelea.

Nimeambiwa nitaje mafanikio yake. Ni mengi, na mengine yamo katika hotuba za wakubwa mtakazozisikia. Mimi nitaeleza kisa kimoja, cha miaka mitano iliyopita, katika kisiwa ambacho sikitaji. Binti mwenye kisa sasa ni mtu mzima, ameniruhusu nikieleze mradi jina lake na la kijiji chake yasionekane. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto wa madrasa, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwa kuchora piko, ile rangi nyeusi ya mikono ya maharusi. Walimtafuta kila harusi.

Alianza kuanguka. Kila baada ya Magharibi alianguka, na akianguka sauti yake ilishuka ikawa nzito, wala haikuwa ya Kiamu. Ilisema Kiswahili cha bara kilichotiwa Sheng, polepole, kama mtu anayesoma. Ilisema washa data. Ilisema ukizima nitajua. Ilisema naliona pazia lako la kijani, na pazia la chumba kile, wallahi, lilikuwa la kijani.

Nyumba ile mkubwa wake alikuwa nyanya wa binti, Bi Mwanatumu. Aliposikia lafudhi ya bara akakata shauri kwamba hili ni jini la kigeni, limepotea njia. Jini likitaka kitu hupewa, lipate kushuka. Hiyo ndiyo ada. Hili lilitaka mama mtu atoke chumbani, mama asijue. Wakamtoa mama, akawa anashinda uani na kulia. Lilitaka simu, ile simu ambayo mama alikuwa ameificha kwa kuona mtoto haiweki chini. Wakairudisha, imefukizwa ubani. Lilitaka bando. Mjomba, mtu mwenye ndevu zake, akakimbia dukani kununua bando. Msicheke sana, nani kati yetu hana jamaa aliyemchinjia jini mbuzi? Lakini mpaka leo nikikumbuka watu wazima wa nyumba nzima wamemzunguka mtoto, wanamhudumia asiyeonekana kwa kila anachokitaka, nywele hunisimama.

Akaitwa Mwalimu Kamaludin, msomaji wa ruqya, kile kisomo cha kutoa majini, anayeheshimika visiwani. Alisoma siku mbili na jini halikushuka. Akaliuliza, kama ilivyo desturi, jina lake na kabila lake na haja yake. Jina halikutaja. Haja lilitaja, lilitaka picha. Mwalimu akafunga msahafu, akatoka nje, akampigia simu Bi Zakiya.

Hilo la mwalimu kumpigia simu afisa wa serikali halikuja lenyewe. Miaka iliyotangulia Bi Zakiya aliwazungukia wasomaji wote wa ruqya, kisiwa kwa kisiwa na ndimu yake puani, akanywa kahawa yao, akawaomba neno moja tu. Mkiletewa mtoto aliyeingiwa, na simu imo katika maneno yake, someni kwa raha zenu, lakini mniarifu. Wenzetu wengine walimcheka. Walisema timu ya watoto ni daktari, polisi, mshauri na wakili, majini yanaingiaje? Yeye aliwajibu kwamba mzazi wa visiwani mtoto akibadilika sauti haanzi kwa polisi, na asiyejua watu wanaanzia wapi atabaki kungoja ofisini.

Tulikwenda watatu, Bi Zakiya, mimi, na Sajini Usama wa dawati la watoto la polisi, aliyevaa kanzu ili asiwatie watu hofu. Kanzu haikumficha. Bi Mwanatumu alitusimamisha mlangoni, akamtazama juu chini, kisha akamwambia Bi Zakiya, “Nina jini ndani, nawe waniyetea sajini?” Tulicheka sote, na yeye mwenyewe akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichotupitisha mlangoni.

Bi Zakiya aliketi mkekani kati ya wanawake. Hakumgusa mtoto, hakumuuliza kitu. Magharibi ikapita, na sauti ikaja. Mimi nilikuwa ukumbini nyuma ya pazia, na mimi huyu tabibu, cheti kiko ukutani, nilijikuta nasoma Ayatul Kursi. Sauti ilisema Ijumaa ndiyo mwisho. Ilisema usiponijibu kufika Ijumaa, madrasa nzima wataona. Kisha ikarudi pale pale, mama asijue, mama asijue, mama asijue. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Nilimsikia Bi Zakiya akiikunja miwani yake.

“Majini ya Amu nayajua tangu nizawe,” alisema. “Hutaka ubani, hutaka marashi, hutaka kilemba. Jini gani hili limwogopalo mama?”

Mama mtu, aliyekuwa uani siku zote hizo, alisikia, akaingia bila kuitwa na mtu, akamkumbatia mwanawe pale chini. Hakuna aliyethubutu kumtoa tena.

Ndipo tulipofahamu. Mtoto hakuwa anabuni. Yaliyomshinda kuyasema kwa kinywa chake aliyasema kwa kinywa cha mwingine, neno kwa neno kama alivyoandikiwa kwenye simu. Kama kuna lililompanda au halikuwepo, mimi si mwanachuoni. Bi Zakiya alitukataza kubishana juu ya hilo mbele ya mtoto, kisha akatukataza hata tukiwa peke yetu, na agizo hilo tunalishika mpaka leo.

Hapo hapo likazuka jingine. Bi Mwanatumu, alipojua ubaya uko ndani ya simu, aliifunga kitambaa cheupe pamoja na ubani, akamwagiza mjomba akaizamishe kwenye kina. Kwetu kitu kibaya hupelekwa baharini, na mimi simlaumu. Lakini simu ingezama, mwenye kutisha angebaki na picha zake na Ijumaa yake, na sisi tusingekuwa na pa kumshikia. Mjomba alikuwa ameshavaa makubadhi. Bi Zakiya hakushindana na nyanya katika nyumba yake. Alimgeukia Mwalimu Kamaludin, na mwalimu akawaambia kwamba jini hutolewa kwa kisomo, lakini huyu ana vidole vya kuandikia, na mwenye vidole hutiwa pingu. Bi Mwanatumu alifikiri kidogo, akamkabidhi Sajini Usama kile kitambaa kwa mikono miwili. Kabla sajini hajaikata simu na mtandao, ilitetemeka mara mbili ndani ya kitambaa, na wanawake wote wakarudi nyuma mpaka ukutani. Sajini hakuizima, hakufungua picha hata moja. Aliitia katika mfuko wa vielelezo na ubani wake, akaufunga.

Alhamisi asubuhi binti na mamake walikuja Mkomani. Kiongozi wa mashtaka alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Aliuliza jini huapishwa kwa kitabu gani. Yaliyosemwa na ile sauti hayangesimama mbele ya hakimu. Ilibidi mtoto aseme mwenyewe, bila kutiliwa maneno mdomoni, na siku ilikuwa moja. Nerea, mshauri wetu aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka Siaya kuja kuanza kazi, alitarajia kumwona Bi Zakiya akifungua faili. Bi Zakiya alifungua mkoba akatoa kofia mbili za kushona. Waliketi kushona, yeye na binti, asubuhi nzima. Sasa jamani, Bi Zakiya ana sifa nyingi, lakini kofia hajui kushona. Ile yake ilitoka ndogo, imeenda upande, haikumtosha mtu yeyote ila birika la chai, na ndilo tunalolivisha ofisini mpaka leo. Binti aliitazama, akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka, na mamake akageuza uso akajifuta machozi.

Baada ya Adhuhuri Bi Zakiya na binti waliingia chumba cha ndani. Sisi tukavaa spika. Ikaja ile ile sauti ya chini, safari hii ndani kabisa ya masikio yetu, ingawa ulikuwa mchana mweupe. Washa data. Ukizima nitajua. Nerea alishika ukingo wa meza. Sajini Usama, mtu aliyewahi kupambana na majangili, aliinamisha kichwa. Bi Zakiya hakuijibu ile sauti, wala hakuifukuza. Aliiacha ikasema mpaka ikaishiwa. Kisha tukamsikia.

“Huyo nimemsikia. Sasa nakungoja wewe. Sina haraka.”

Haraka tulikuwa nayo sote, na yeye zaidi. Ijumaa ilikuwa inakuja. Tulingoja mpaka nikadhani mitambo imekufa. Tulisikia pumzi, na sikujua ni za nani, na kwa mara ya kwanza nilitamani wawe panya kweli. Halafu ikaja sauti ndogo, ya Kiamu kitupu, ikaanza kueleza habari ya piko. Palikuwa na msichana mtandaoni anayejiita Fairuz, asemaye ana miaka kumi na minne, apendaye sana michoro. Fairuz aliomba picha za mikono. Yaliyofuata hayana nafasi katika kijarida, na mtoto aliyasema mara moja, kwa mtu mmoja, na hakuna kati yetu aliyemuuliza tena. Mimi nilijua la kupima na la kuacha. Sajini alipata jina la akaunti na siku. Kiongozi wa mashtaka alipata mashtaka. Nerea alipata mtoto wa kukaa naye kwa miezi iliyofuata.

Alasiri ile ile sajini aliwasiliana na wenzake wa makosa ya mitandao, na wao wakawasukuma wenye mtandao ule. Bi Zakiya hakutegemea hilo peke yake. Alikwenda madrasa akakaa na walimu na wazazi, akawaambia bila kutaja jina kwamba huenda ikaja picha ya mtoto wa mtu. Ikija, isifunguliwe, isipelekwe mbele, na atakayemnyooshea mtoto kidole atajibu kwake. Ijumaa, kabla ya adhana, akaunti ilifungwa. Madrasa haikuona kitu, na binti alisali Ijumaa ile ubavuni mwa mamake.

Aliyejiita Fairuz alikamatwa baada ya wiki chache, katika mji wa bara. Alikuwa mwanamume mtu mzima ambaye hajakanyaga Lamu maisha yake. Polisi walimkuta anakunywa chai nyumbani kwa mamake, na neno la kwanza alilolisema lilikuwa kuwaomba wasimwambie mama. Alifungwa. Simuni mwake walikuwamo watoto wengine, wa pwani na wa bara. Wengi walipatikana. Wengine mpaka leo ni mikono tu yenye piko, haijulikani ya nani. Mkimwona Bi Zakiya harusini anasalimia wasichana akachelewa kuwaachia mkono, sasa mmejua sababu.

Kazi ile imezaa. Walimu wa ruqya wana kiti katika kikao chetu. Wenye nyumba za wageni Shela wanatupigia simu wakitilia shaka. Kaunti jirani wamekuja kuiangalia nyumba yetu, wakaenda kufanya kama tulivyofanya, ingawa wao, nimesikia, hawana panya.

Ningependa kuishia hapo, kila mtu apige makofi. Lakini mwezi uliopita binti yule, ambaye sasa yuko chuo cha ualimu, alipata ujumbe kutoka nambari asiyoijua. Maneno yalikuwa yale yale. Pazia la kijani lilikuwemo, na pazia lenyewe nyanya aliliteketeza zamani. Yule mwanamume bado yuko gerezani. Picha alizokuwa amekwisha kuzitoa, pamoja na maneno yake, zilishika njia zake, na sasa ziko kwa mtu mwingine, na huyo naye hatujui ni wa ngapi. Hili ndilo linalotutisha katika kazi hii kuliko majini ya aina yoyote. Mtu hufungwa, na sauti inabaki inatembea.

Tuliposikia tulihofia ataanguka. Tukaanza kupanga nani aende, kwa boti gani. Kumbe yeye ameshapanda ya kwake. Alikuja mpaka Mkomani kwa miguu yake, simu mkononi, imeondolewa mtandaoni lakini haijazimwa. Bi Zakiya alikuwa kwenye baraza ya mlango siku hiyo, amekuja kuchukua vitu vyake. Binti alimwamkia, akaubusu mkono wake, akapita ndani. Nerea, ambaye ndiye anayekishika kiti chake tangu likizo ya Bi Zakiya ianze, alitoka kumuuliza Bi Zakiya kama ataingia badala yake, maana ndiye binti aliyemweleza mara ya kwanza. Nilikuwapo. Niliyaona magoti ya Bi Zakiya yakitaka kuinuka. Kisha akajituliza.

“Hakunijia mimi,” alimwambia Nerea. “Ameijia ofisi. Ingia, mwanangu.”

Dirisha lilikuwa wazi. Sikuhitaji spika kusikia. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, ya Kiamu, ya kawaida kabisa, ikieleza tangu mwanzo, ikitua hapa na pale kumngoja Nerea amalize kuandika, na mahali pamoja ikimsahihisha. Haikubadilika hata mara moja. Bi Zakiya alisikiliza muda, huku analia waziwazi, nami nikilia upande wangu bila haya. Binti hakuwa amefika mwisho wa maelezo yake Bi Zakiya aliposimama, akalitengeneza buibui lake, akaniambia amechelewa kuinjika wali, akaenda zake.

Bi Zakiya, kwa niaba ya timu nzima, na ya watoto ambao hatuwezi kuwaita mbele hapa wakushukuru, tunasema ahsante. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe usingizi, akujaalie maisha mema na wajukuu wanaojua kushona kofia kukushinda. Utuwie radhi tukiinuka kabla sahani hazijaondolewa. Nerea ameniandikia sasa hivi kwamba kuna mtoto amefika Mkomani na mamake, na wanatungoja.